Mwongozo Kamili wa Kusoma na Kukokotoa Mwenendo wa Wanaume Wanaofikisha Miaka 65

Katika takwimu za Benki ya Dunia imo safu moja ambayo wasomaji wengi huipita haraka: asilimia ya wanaume wanaofikisha umri wa miaka 65. Safu hiyo huanzia mwaka 1960 na hutoa namba moja kwa kila nchi kwa kila mwaka. Ukiichora kwenye chati, kwa nchi nyingi utapata mstari unaopanda kwa utulivu, na kishawishi cha kuandika kwamba afya ya wanaume imeimarika kisha ukafunga faili ni kikubwa. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mtu asiyetaka kuishia hapo, awe mwanafunzi wa takwimu, mwandishi wa habari, ofisa mipango au mdadisi tu. Unaeleza jinsi namba hiyo inavyopatikana, jinsi ya kuikokotoa mwenyewe, na zaidi ya yote jinsi ya kuivunja vipande kulingana na umri. Nchi mbili zinaweza kuwa na asilimia ileile, moja ikiwa inapoteza watoto wachanga na nyingine ikiwa inapoteza wanaume wa miaka 50, na asilimia yenyewe haitakuonyesha tofauti hiyo.

Vifaa vinavyohitajika ni vichache: kompyuta yenye programu ya lahajedwali, data ya vifo vya wanaume kwa makundi ya umri, na uvumilivu wa kurudia hesabu ileile kwa miaka kadhaa.

Hatua ya 1: Fahamu kwanza kinachopimwa

Kipimo hiki hakiwahusu wanaume halisi waliozaliwa mwaka fulani. Mtakwimu huchukua viwango vya vifo vya wanaume wa kila umri vilivyoonekana mwaka mmoja, tuseme mwaka 2000, kisha huuliza: kama wavulana 100,000 wangezaliwa na kuishi maisha yao yote chini ya viwango hivyohivyo, bila kupungua wala kuongezeka, ni wangapi wangekuwa hai siku ya kutimiza miaka 65? Ikiwa jibu ni 62,000, basi kipimo cha mwaka huo ni asilimia 62. Kwa hiyo namba hiyo ni picha ya mwaka mmoja iliyonyooshwa ikawa maisha mazima. Mtoto aliyezaliwa mwaka 2000 atafikisha miaka 65 mwaka 2065, na hatari zitakazomkabili akiwa na miaka 40 ni za mwaka 2040, ambazo hakuna aliyezipima.

Kipimo hiki huchanganywa mara kwa mara na vingine viwili. Cha kwanza ni sehemu ya wazee katika idadi ya watu. Nchi inaweza kuwa na wazee wachache sana, pengine asilimia 3 tu ya watu wote, na bado wavulana wake wengi wakawa na uwezekano mkubwa wa kufika uzeeni, kwa kuwa sehemu ya wazee hutegemea zaidi idadi ya watoto wanaozaliwa kuliko vifo. Cha pili ni wastani wa umri wa kuishi. Wastani wa miaka 50 haumaanishi kwamba wanaume hufa wakiwa na miaka 50. Katika nchi yenye vifo vingi vya utotoni wastani huvutwa chini na wanaokufa kabla ya kutimiza miaka mitano, ilhali waliovuka umri huo wengi wao huendelea hadi miaka 60 na zaidi. Asilimia ya wanaofika 65 haina udhaifu huo wa wastani, ila ina wake: aliyekufa akiwa na siku tatu na aliyekufa akiwa na miaka 64 huhesabiwa sawasawa, kwamba hawakufika.

Hatua ya 2: Chunguza data ilitoka wapi

Hatua hii ndiyo inayorukwa zaidi, na kwa maoni yangu ndiyo inayotenganisha uchambuzi wa kuaminika na upambaji wa chati. Namba za Benki ya Dunia hutokana na makadirio ya Idara ya Idadi ya Watu ya Umoja wa Mataifa, na makadirio hayo hujengwa kwa malighafi zenye ubora unaotofautiana mno kati ya nchi na nchi.

Nchi yenye usajili kamili wa vizazi na vifo huwa na hesabu za moja kwa moja. Sweden ilianza kukusanya takwimu za watu kwa nchi nzima mwaka 1749, kupitia makasisi wa parokia, na mfululizo wa vifo vyake unaotumiwa na watafiti unaanzia mwaka 1751. Kwa nchi kama hizo, zipatazo 40, chanzo bora ni Hifadhidata ya Vifo vya Binadamu iliyoasisiwa na Chuo Kikuu cha California, Berkeley, na Taasisi ya Max Planck ya Utafiti wa Demografia ya Rostock, Ujerumani. Humo utapata majedwali ya mwaka kwa mwaka na umri kwa umri, wanaume na wanawake mbalimbali.

Nchi ambazo usajili wa vifo haujakamilika huwa na picha ya mashimo. Vifo vya watoto hujulikana vizuri kiasi, kwa kuwa katika tafiti za demografia na afya kina mama huulizwa kuhusu kila mtoto waliyemzaa, alizaliwa lini, yu hai au amefariki, na kama amefariki alikuwa na umri gani. Vifo vya watu wazima ndivyo vigumu. Njia iliyozoeleka ni kumuuliza mhojiwa kuhusu ndugu zake wa tumbo moja, mmoja baada ya mwingine, na kutoka kwenye majibu hayo kukadiria hatari ya kufa kati ya miaka 15 na 50 au 60. Baada ya hapo, hasa kwa wanaume wa miaka 50 hadi 65, mara nyingi hubaki modeli: wataalamu huchukua majedwali ya mfano, kama yale ya wanademografia Coale na Demeny yaliyotolewa mwaka 1966, na kuoanisha vifo vya utotoni vilivyopimwa na vifo vya utu uzima visivyopimwa.

Fanya ukaguzi ufuatao kabla ya kuendelea. Tazama mstari wenyewe: ukiwa laini mno kwa miaka 60, bila kutetereka hata katika miaka inayojulikana kuwa ya njaa au vita, hiyo ni dalili ya modeli na wala si dalili ya amani. Soma maelezo ya chanzo ujue sensa zilifanyika miaka gani na tafiti miaka gani, kwani kati ya miaka hiyo namba zimejazwa kwa kukisia. Angalia ubora wa umri uliotajwa kwenye sensa. Watu wasiojua tarehe zao za kuzaliwa hutaja umri unaoishia na 0 au 5, na kipimo cha Whipple hupima jambo hilo kwa watu wa miaka 23 hadi 62, ambapo 100 maana yake hakuna mrundikano na 500 maana yake kila mtu ametaja umri wa namna hiyo. Kumbuka kwamba 65 yenyewe inaishia na 5, hivyo mpaka wa kipimo chetu umekaa palepale penye mrundikano.

Mwisho, jua mwelekeo wa kosa. Vifo visiposajiliwa vyote, asilimia ya wanaofika 65 huonekana kubwa kuliko hali halisi. Usajili ukiboreka polepole, vifo vitaonekana kuongezeka ilhali kilichoongezeka ni uandikishaji. Mtu asiyejua hilo anaweza kutangaza janga la wanaume ambalo kwa kweli ni mafanikio ya ofisi ya usajili.

Hatua ya 3: Jenga jedwali la maisha kwa mkono, walau mara moja

Jedwali la maisha huonyesha ni wangapi hubaki hai kutoka umri mmoja hadi mwingine. Programu zitakufanyia hesabu hii kwa sekunde moja, lakini aliyeijenga mwenyewe hudanganywa kwa shida. Fungua lahajedwali na uandike makundi ya umri kwenye safu ya kwanza: 0, 1–4, 5–9, 10–14, na kuendelea kwa miaka mitano mitano hadi 60–64.

Safu ya pili ni kiwango cha vifo, yaani vifo vya wanaume wa kundi hilo kwa mwaka vikigawanywa kwa idadi ya wanaume wa kundi hilo katikati ya mwaka. Safu ya tatu ni uwezekano wa kufa ndani ya kundi, na hapo ndipo wanaoanza hukosea kwa kuzidisha tu kiwango kwa miaka mitano. Chukua wanaume wa miaka 50–54 wenye kiwango cha vifo 0.012 kwa mwaka. Kuzidisha kwa 5 kunatoa 0.060, lakini wanaokufa mwanzoni mwa kipindi hawapo tena kuhatarishwa mwishoni mwake. Tukichukulia kwamba vifo vinatawanyika sawa ndani ya miaka mitano, kanuni ni hii: zidisha kiwango kwa 5, kisha gawanya kwa jumla ya 1 na kiwango kilichozidishwa kwa 2.5. Tunapata 0.060 gawanya kwa 1.030, ambayo ni 0.0583. Kama wanaume 70,000 kati ya 100,000 walifika umri wa miaka 50, watakaokufa kabla ya kutimiza 55 ni 4,078 na watakaovuka ni 65,922. Hesabu ya haraka ingeua 4,200. Tofauti ni ndogo hapo, ila hukua kadiri vifo vinavyoongezeka: kwa kiwango cha 0.040, uwezekano sahihi ni 0.182 badala ya 0.200.

Kundi la umri 0 halifuati kanuni hiyo, kwa sababu watoto wachanga hufa zaidi katika siku na wiki za mwanzo. Tumia moja kwa moja vifo vya watoto chini ya mwaka mmoja kwa kila vizazi hai 1,000 vya wavulana. Kundi la 1–4 nalo lina miaka minne na vifo vyake huelemea mwaka wa pili wa maisha, hivyo ni salama zaidi kuchukua uwezekano wa kufa kabla ya kutimiza miaka mitano kutoka kwenye utafiti uliochapishwa kuliko kuukadiria mwenyewe.

Safu ya nne ni waliobaki hai. Anza na 100,000, toa waliokufa katika kila kundi, na namba itakayosimama kwenye mstari wa umri 65, ikigawanywa kwa 1,000, ndiyo asilimia unayoitafuta. Ilinganishe na ya Benki ya Dunia kwa mwaka huohuo. Zikipishana kwa pointi moja au mbili, endelea. Zikipishana kwa pointi kumi, rudi hatua ya 2, kwa maana mmoja wenu ametumia data isiyorekebishwa.

Hatua ya 4: Vunja mstari katika vipande vinne

Sasa tumefika kwenye kiini. Asilimia ya wanaofika 65 ni zao la kuzidisha. Mvulana lazima avuke miaka 5, kisha 15, kisha 40, kisha 65, na uwezekano wa kufika mwisho ni uwezekano wa vipande hivyo vinne ukizidishwa wote pamoja. Nimechagua mipaka hiyo kwa sababu visababishi vya vifo hubadilika karibu nayo. Kabla ya miaka 5 wauaji wakubwa ni nimonia, kuhara, malaria, surua na matatizo ya uzazi. Kati ya 5 na 15 vifo ni vichache kila mahali. Kati ya 15 na 40 wanaume hufa kwa ajali za barabarani, ukatili, vita, kujiua, kifua kikuu na UKIMWI. Kati ya 40 na 65 ni zamu ya moyo, kiharusi, saratani, kisukari, ini lililoharibiwa na pombe, na mapafu yaliyoharibiwa na tumbaku.

Tuchukue nchi ya kufikirika yenye namba zilizotungwa kwa ajili ya zoezi. Mwaka wa kwanza, wavulana 0.80, yaani 80 kati ya kila 100, huvuka miaka 5. Kati ya hao 0.96 huvuka 15; kati ya hao 0.90 huvuka 40. Na kati ya hao 0.60 huvuka 65. Zao lake ni 0.415, yaani asilimia 41.5. Miaka mingi baadaye, vipande hivyo vimekuwa 0.95, 0.985, 0.91 na 0.65, na zao lake ni asilimia 55.3. Ongezeko ni karibu pointi 14, na taarifa nyingi zingelieleza kwa sentensi moja ya pongezi.

Kujua kila kipande kimechangia kiasi gani, tumia logi asilia, kwa sababu logi hugeuza kuzidisha kuwa kujumlisha na hivyo michango haigombani. Kwenye lahajedwali, kwa kila kipande gawanya thamani mpya kwa ya zamani kisha chukua LN ya jibu. Kipande cha kwanza, 0.95 gawanya kwa 0.80, kinatoa 0.172. Cha pili kinatoa 0.026, cha tatu 0.011 na cha nne 0.080. Jumla ni 0.289. Gawanya kila kimoja kwa jumla hiyo na picha hujitokeza: karibu asilimia 60 ya maendeleo yote yalitokea kabla ya mtoto kutimiza miaka mitano, asilimia 9 kati ya 5 na 15, asilimia 4 tu kati ya 15 na 40, na asilimia 28 baada ya 40.

Taarifa ya nchi hiyo sasa inasomeka tofauti kabisa. Mstari unaoitwa wa wanaume kufika uzeeni umepandishwa zaidi na chanjo, maji safi na matibabu ya watoto. Wanaume wa miaka 15 hadi 40 hawakupiga hatua ya maana katika kipindi chote hicho, na anayefika 40 bado ana uwezekano wa asilimia 35 wa kutofika 65. Waziri wa afya anayeangalia mstari mmoja ataridhika. Anayeangalia vipande vinne atauliza kuhusu shinikizo la damu.

Fanya hesabu hii kwa kila muongo, usiifanye kwa ncha mbili tu za mstari. Asilimia 4 ya kipande cha tatu hapo juu inaweza kumaanisha kwamba vijana walibaki palepale, au kwamba walishuka sana katikati kisha wakapanda tena hadi walipoanzia. Ncha mbili haziwezi kutofautisha mambo hayo.

Jambo jingine litakalojitokeza ukifanya hivyo: mstari hupunguza kasi nchi inapoendelea, na kupungua huko peke yake si habari mbaya. Kipande cha kwanza kikishafika 0.99 hakina tena pa kwenda, na kila pointi mpya lazima itoke kwa watu wazima, ambako kazi ni ngumu zaidi, ya polepole, na inagusa sigara, pombe na mwenendo wa maisha wa watu wasiopenda kwenda hospitali.

Hatua ya 5: Tafuta mabonde na uyapatie maelezo

Mstari ukishuka, usikimbilie sababu. Uliza kwanza ni kipande kipi kilichoshuka, kwa maana umri wa wanaokufa huondoa dhana nyingi zisizofaa hata kabla hujasoma taarifa yoyote ya hospitali.

Urusi ni mfano unaostahili kusomwa kwa makini. Mwezi Mei 1985 serikali ya Mikhail Gorbachev ilianzisha kampeni kali dhidi ya pombe, na wastani wa umri wa kuishi wa wanaume ukapanda haraka hadi kukaribia miaka 65 mwaka 1987. Kampeni ilipolegea na Muungano wa Kisovyeti kuvunjika mwaka 1991, wastani huo ulianguka hadi chini ya miaka 58 mwaka 1994. Kwa viwango vya vifo vya mwaka huo, chini ya nusu ya wavulana wa Urusi wangefika 65, katika nchi yenye viwanda, madaktari wengi na watu waliosoma. Ukivunja vipande utaona kwamba vifo vya watoto havikuwa chanzo. Walioondoka ni wanaume wa umri wa kufanya kazi, kwa magonjwa ya moyo, ajali, ukatili na sumu ya pombe, na wanawake wa nchi hiyohiyo waliathirika kwa kiasi kidogo zaidi. Kushuka kwa namna hiyo hakuelezwi kwa uhaba wa chakula peke yake. Njaa ingewaua watoto na wazee kwanza. Wastani ulipanda tena kidogo, ukaanguka tena kuelekea mwaka 2003, na baada ya hapo ukapanda hadi kupita miaka 68 kufikia mwaka 2019.

Botswana ina bonde la umbo jingine. Huko kipande kilichobomoka kuanzia miaka ya 1990 ni kile cha 15 hadi 40 pamoja na mwanzo wa kile kinachofuata, na cha watoto kikaumia pia kwa kuwa virusi vya UKIMWI vilipita kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto. Nchi hiyo ilianza kutoa dawa za kufubaza makali ya VVU kupitia mpango wa taifa mwaka 2002, ikiwa ya kwanza Afrika kufanya hivyo, na kupanda kwa mstari baada ya hapo kulikuwa kwa kasi ambayo chanjo za watoto zisingeweza kuileta.

Mabonde mengine ni ya ghafla na mafupi: Rwanda mwaka 1994, na nchi nyingi sana mwaka 2020 na 2021 kutokana na UVIKO-19. Hayo yana hatari yake katika uchambuzi, kwani ukianzia au kuishia ndani ya bonde utatengeneza mwenendo usiokuwepo. Tahadhari kubwa zaidi ni China. Njaa ya 1959 hadi 1961 imekaa juu ya mwaka ambao data ya Benki ya Dunia inaanzia. Katika matoleo ya zamani ya makadirio ya Umoja wa Mataifa, yaliyojengwa kwa vipindi vya miaka mitano, bonde hilo lilifutika kwa kutawanywa. Toleo la 2022 lilihamia makadirio ya mwaka mmoja mmoja na bonde likawa wazi. Anayepima mafanikio ya China kwa kuanzia 1960 anapima kwa sehemu mwisho wa njaa. Anzia 1965, au hata baadaye.

Kwa nchi yenye watu wachache, mabonde mengi ni bahati tu, kwa kuwa vifo kumi zaidi vinaweza kutikisa mstari. Chukua wastani wa miaka mitatu au mitano kabla ya kusema neno.

Uhamiaji nao huchora mabonde na vilima. Qatar na Falme za Kiarabu zina wanaume wengi waliokuja kufanya kazi wakiwa vijana wenye afya na ambao huondoka wakizeeka au wakiugua. Asilimia yao ya kufika 65 haiwahusu wale watu wanaoonekana mitaani, kwa kuwa wengi wao watafikia umri huo, au kufa kabla yake, katika nchi nyingine.

Hatua ya 6: Weka wanawake kando ya wanaume

Mwenendo wa wanaume peke yao hauonyeshi kama tatizo ni la wanaume au la nchi nzima. Pakua safu ya wanawake na uiweke kando. Karibu kila nchi, wanawake wengi zaidi hufika 65, na tofauti huanza utotoni, kwa kuwa watoto wachanga wa kiume ni dhaifu zaidi tangu siku ya kwanza. Juu ya msingi huo wa kibaiolojia huongezeka tumbaku, pombe, kazi za hatari na ukatili.

Usitumie tofauti ya pointi peke yake. Nchi ambayo wanaume wanaofika ni asilimia 40 na wanawake 45 ina pengo la pointi 5. Nchi yenye 85 na 92 ina pengo la pointi 7, ambalo linaonekana kubwa kidogo tu. Lakini tazama wasiofika: katika nchi ya kwanza ni 60 kwa 55, yaani wanaume wamezidi kwa asilimia 9. Katika ya pili ni 15 kwa 8, karibu mara mbili. Pale umaskini unawaua wote, jinsia huleta tofauti ndogo, na vifo vya umaskini vikiondoka, vile vinavyowahusu wanaume zaidi hubaki uchi.

Pengo hilo husonga kwa kuchelewa, hasa kwa ajili ya tumbaku. Nchini Uingereza vifo vya wanaume kwa saratani ya mapafu vilifika kilele mwanzoni mwa miaka ya 1970, wakati vya wanawake, walioanza kuvuta kwa wingi baadaye, viliendelea kupanda kwa miaka mingi. Kwa hiyo pengo likipungua, hakikisha ni wanaume walioimarika na si wanawake walioumia.

Hatua ya 7: Kwa nchi zilizokaribia kilele, hesabu wasiofika

Japani, Sweden na Uswisi zimefika mahali ambapo karibu wanaume tisa kati ya kumi hutimiza 65. Mstari wao unaonekana umelala. Geuza kipimo: toa asilimia hiyo kwenye 100 na uchore waliobaki kwenye mhimili wa logi, ambapo kila kupungua kwa nusu huonekana kwa umbali uleule. Kutoka asilimia 80 hadi 90 ni pointi 10 kwa upande wa walio hai, lakini kwa upande wa pili wasiofika wamepungua kutoka 20 hadi 10, yaani nusu nzima. Nchi inayopunguza vifo vya mapema kwa nusu kila miaka 25 imo katika maendeleo makubwa hata kama chati ya kawaida inaonyesha uwanda. Kwa nchi za namna hii ni busara pia kusogeza mpaka hadi miaka 75 au 80, kwani 65 imeacha kuwatenganisha.

Hatua ya 8: Fuata kundi rika halisi

Hatua hii huachwa na wengi, ingawa ndiyo pekee inayojibu swali ambalo msomaji wa kawaida hudhani amejibiwa: kati ya wavulana waliozaliwa kweli mwaka fulani, ni wangapi walifika?

Hesabu hufanywa kwa mshazari. Kwa waliozaliwa mwaka 1960, chukua uwezekano wa kuvuka umri 0–4 kutoka majedwali ya 1960–1964, wa 5–9 kutoka 1965–1969, wa 10–14 kutoka 1970–1974, na kuendelea hivyo hadi 60–64 kutoka 2020–2024. Zidisha vyote. Pale vifo vimekuwa vikipungua mfululizo, jibu litakuwa juu ya kipimo cha mwaka 1960 na chini ya kipimo cha 2024, kwa sababu watu hao walipitia utoto wa zamani na utu uzima wa kisasa.

Waliozaliwa 1960 ndio kundi la kwanza linaloweza kufuatwa kuanzia kuzaliwa hadi 65 ndani ya data ya Benki ya Dunia, kwa kuwa walitimiza umri huo mwaka 2025. Waliingia miaka yao 60 UVIKO-19 ulipoingia. Kipande chao cha mwisho kimebeba janga hilo lote, na katika nchi za kusini mwa Afrika walikuwa na miaka 30 hadi 45 UKIMWI ulipokuwa mkali kabla ya dawa kupatikana. Vipimo vya mwaka mmoja mmoja vilishuka na kupanda tena kana kwamba mambo yamerudi kawaida. Kwa kundi hili, mwanamume aliyekufa mwaka 1998 hakurudi takwimu zilipopanda mwaka 2010, na hesabu ya mshazari huendelea kumhesabu kuwa hakufika.

Hatua ya 9: Andika matokeo kwa maneno yanayobeba ukweli

Sentensi ya kuepuka ni hii: «Asilimia 62 ya wanaume wa nchi hii hufikisha miaka 65.» Sentensi iliyo sahihi ni ndefu zaidi: «Kwa viwango vya vifo vya mwaka 2000, asilimia 62 ya wavulana wangefikisha miaka 65 kama viwango hivyo visingebadilika.» Ukifupisha kwa ajili ya kichwa cha habari, weka ile ndefu kwenye aya ya kwanza.

Taja toleo la makadirio na tarehe uliyopakua data. Umoja wa Mataifa hutoa matoleo mapya kila baada ya miaka michache, kama lile la 2022 na la 2024, na kila toleo huandika upya historia yote kuanzia 1950, si miaka ya karibuni pekee. Namba ya mwaka 1985 uliyonukuu leo inaweza kuwa tofauti katika toleo lijalo bila mtu yeyote kufufuka wala kufa. Kwa hiyo usichanganye kamwe miaka ya toleo moja na miaka ya toleo jingine katika mstari mmoja. Likitoka jipya, pakua mfululizo mzima upya, rudia vipande vinne, na uweke nakala ya ule wa zamani kwenye jalada lenye tarehe yake, maana mtu atakayepinga hesabu zako atakuwa ameshika toleo ambalo si lako.